Milango iliyohama na alama za Mama Tiki

Saa moja kasoro robo asubuhi, Mama Tiki anafuta mwandiko wake mwenyewe.

Ameinama mbele ya mlango wa chumba cha sita, kitambaa kilicholowa mafuta ya taa mkononi, anasugua tarakimu mbili na alama moja ya tiki zilizoandikwa kwenye ubao usawa wa kitasa. Wino ni ule mzito usiotoka kwa maji. Yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote, maana kalamu alinunua mwenyewe.

Kabla hajamaliza tarakimu ya kwanza, mlango unafunguliwa kwa ndani. Anatokea mwanamke kijana aliyejifunga kitenge, mswaki mdomoni, tumbo limetangulia.

“Wewe mama, unafuta nini?”

“Nafuta makosa yangu, mwanangu. Habari za asubuhi?”

“Nzuri. Lakini usifute. Mlango huu niliununua kwa sababu ya hiyo alama.”

“Kwa sababu ya alama?”

“Fundi alituambia mlango wenye alama ya serikali haubomolewi.”

Mama Tiki anakaa kwenye kizingiti cha watu na kucheka mpaka machozi yanamtoka, kisha anayafuta kwa kitambaa kile kile cha mafuta ya taa, jambo ambalo hatamshauri mtu mwingine alifanye. Inabidi aletewe kopo la maji anawe macho. Mwenye mlango hajui kama acheke au apige kelele.

“Huyo uliyembeba tumboni,” Mama Tiki anamwambia macho yakiwa bado mekundu, “akizaliwa, mlango huu utakuwa umeshamsemea. Utasema amechanjwa kabla hajachanjwa. Utakubali mlango umsemee mwanao?”

Mwanamke anautazama mlango wake kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Anatema povu la mswaki pembeni na kusogea ili kitambaa kipite.

Kama msomaji hajaelewa kinachoendelea, asijilaumu. Mama Tiki mwenyewe ilimchukua wiki nzima kuelewa, na katika wiki hiyo aliamini anapoteza akili.

Jina lake la kuzaliwa majirani wengi hawalijui. Ana miaka hamsini na mmoja, ni mhudumu wa afya wa mtaa, na kwa miaka tisa kazi yake imekuwa kumtangulia muuguzi wa chanjo: kupiga hodi, kuuliza idadi ya watoto, kuandika, kusonga mbele. Sindano hashiki.

“Sindano ni ya muuguzi,” anasema. “Mimi ni mdomo na miguu.”

Miguu hiyo hutembea karibu kilomita nane kwa siku wakati wa kampeni. Posho hulipwa siku za kampeni tu, nazo hazizidi ishirini kwa mwaka. Siku zilizobaki anafua nguo za watu, na akisikia kuna mtoto mchanga mtaani anakwenda kumwona bila kulipwa na mtu. Mume hana, alikwisha kufariki. Anaishi na binti yake kitinda mimba, mwenye miaka saba, ambaye ndiye sikio lake la kwanza kwa kila jambo.

Alama za mlangoni ni kazi ya kawaida ya chanjo ya nyumba kwa nyumba. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano wanaoishi chumbani. Ya pili ni waliochanjwa. Mbili kwa mbili na tiki, maana yake hapa kazi imekwisha, pita. Mbili kwa moja bila tiki, maana yake kuna aliyebaki, rudi.

Zamani waliandika kwa chaki. “Mvua moja tu, kazi ya siku tatu imekwenda na maji,” Mama Tiki anakumbuka. “Au watoto wanaigeuza. Mbili inapata masikio, inakuwa sungura.”

Miaka mitatu iliyopita akapata wazo. Aliingia dukani akanunua kalamu ya wino mzito kwa fedha yake ya sabuni, na kuanzia siku hiyo tiki zake zikawa hazifutiki. Kwenye kikao, msimamizi wake alimsimamisha ili apigiwe makofi. Mitaa miwili ya jirani ikamwiga. Ndipo alipopewa jina.

“Nilivimba kichwa, nakwambia ukweli,” anasema. “Nilikuwa nikipita naona mwandiko wangu kila mlango, naona kama mtaa wote ni daftari langu.”

Miezi mitatu iliyopita msimamizi alimwita ofisini. Ni chumba kimoja chenye jokofu la chanjo, meza mbili na kalenda ya mwaka jana. Msimamizi ni mwanamume mpole, mwenye tabia ya kunyoosha kola ya shati kabla ya kusema jambo baya. Siku hiyo aliinyoosha mara mbili.

Akampa simu yenye picha ya mlango. Tatu kwa tatu, na tiki.

“Mwandiko wa nani huu?”

“Wangu.”

“Uliingia lini chumba hiki? Ni nyuma ya kiwanda cha sabuni.”

“Nyuma ya kiwanda cha sabuni sijawahi kuingia. Si eneo langu.”

“Lakini mwandiko ni wako.”

“Ni wangu, bosi.”

“Sasa?”

Mama Tiki aliikuza ile picha kwa vidole viwili. Mkia wa tiki ile ulipinda kidogo mwishoni, kama anavyoupinda yeye. Tatu yake ina mgongo bapa, na pale ilikuwa na mgongo bapa. Hata mtu wa kughushi asingejua mambo hayo.

Msimamizi akamweleza kilichomfanya apige picha. Mtoto wa chumba hicho, mvulana wa miaka miwili, alikuwa wodini na surua. Hakuwa na kadi ya kliniki. Hakuwahi kuchomwa sindano hata moja tangu azaliwe, na mlangoni kwao palikuwa na tiki.

“Aliniuliza kwa upole,” anasema. “Akasema, mama, kama ulichoka ukaandika ukiwa barabarani, niambie tu. Nikatamani kusema ndiyo. Angalau ningekuwa mwongo mwenye akili timamu.”

Maana hofu yake haikuwa kufukuzwa kazi. Mama yake mzazi alipoteza kumbukumbu uzeeni. “Alianza kwa kusahau chumvi, akamalizia kwa kutusahau sisi. Nikasema basi, na mimi yameanza. Nimekwenda huko, nimeandika, nimerudi, na sikumbuki.”

Alipofika nyumbani alimwomba binti yake amtahini. Mtoto wa darasa la kwanza akashika kitabu cha kaka wa jirani, mama mtu mzima akasimama ukutani akitaja majedwali ya kuzidisha. Akakosa saba mara nane.

“Lakini hiyo hata zamani nilikuwa naikosa,” anajitetea.

Wiki ilipokaribia kwisha alikwenda kuona kwa macho yake. Safu ile ya vyumba ilijengwa mwaka mmoja na nusu uliopita: vyumba kumi na sita, vinane vikitazamana na vinane, na katikati mfereji mwembamba unaopitisha povu jeupe la kiwandani. Hewa ya pale inanukia sabuni hata penye taka. Hakuna mtu aliyemfahamu. Alisalimia, akaitikiwa kama mgeni.

Na kila mlango ulikuwa na mwandiko wake.

“Nikageuka huku, mimi. Nikageuka huku, mimi. Mbili kwa mbili. Moja kwa moja. Nne kwa nne. Kizunguzungu kikanishika, nikashika ukuta. Nikamwuliza mama mmoja, samahani, mimi nimewahi kufika hapa? Akaniangalia. Akasema, mama, umepotea? Nikamjibu, ndicho ninachouliza.”

Kilichomwokoa ni kiraka. Mlango wa chumba cha tisa ulikuwa na kipande cha bati la kopo la rangi kimepigiliwa chini, kona ya kushoto, kwa misumari mitano. Msumari mmoja ulikuwa umepinda. Mama Tiki alikijua kiraka hicho. Alikuwepo siku kinapigiliwa, na kucheka msumari ulipopinda alicheka yeye. Ulikuwa mlango wa jirani yake wa zamani, mlinzi mmoja aliyesumbuliwa na panya, kwenye safu ya vyumba karibu na kijito ambako yeye mwenyewe aliishi miaka kumi na minne. Safu hiyo ilivunjwa yote kupisha bomba kubwa la maji.

“Nikaushika ule mlango. Nikauambia, wewe, umefikaje huku?”

Mwenye chumba, aliyekuwa ndani anamnyonyesha mtoto, alimwita jirani amsaidie kumwondoa mwendawazimu.

Kwa wakazi wa vitongoji hivi, jibu la swali lile si habari. Mwenye nyumba hujenga kuta na kuezeka paa, basi. Mlango ni wa mpangaji. Anakuja nao, anahama nao, na akishindwa kuubeba anauuza. Kila mtu analijua hilo. Mama Tiki analijua zaidi.

“Nimehama mara nne na mlango kichwani,” anasema, na hapa sauti yake inashuka. “Mara nne! Halafu nikachukua wino usiofutika nikaandika habari za watoto wa watu juu ya kitu ninachojua kinatembea. Niliwaza nini? Mpaka leo najiuliza. Wala hatukuandika tarehe. Nilisema tarehe inajaza nafasi.”

Mwandishi alimwuliza msimamizi naye alikuwa anawaza nini alipoomba makofi. Msimamizi alinyoosha kola. Yeye pia, alisema, aliwahi kuhama na mlango.

Anayeuza milango mikuukuu katika eneo hilo ni fundi mmoja anayeitwa Bawaba. Uwanja wake una milango mia na zaidi iliyoegemezwa kwenye uzio, mingine ina vitasa, mingine ina matundu ya vitasa, mmoja bado una pazia. Daftari hana. Anakumbuka kila mlango kwa fundo la mbao na kwa alivyobishania bei.

“Ile ya kijitoni? Kumi na tisa,” alimwambia Mama Tiki siku ile bila hata kufikiri. “Ilikuja siku moja juu ya mkokoteni. Kumi na sita walichukua wale wa nyuma ya kiwanda, wiki moja yote ikaisha. Miwili ikaenda machimbo ya mawe. Mmoja, ule wa bluu, alichukua muuza maji.”

“Na alama hukuziona?”

“Niliziona, dada yangu. Ndizo zilizouza. Mteja akiuliza, namwambia mlango huu umesajiliwa.”

“Umesajiliwa wapi?”

“Hapo hakuna aliyeniuliza.”

Mama Tiki alitaka kukasirika, lakini alikuwa ameshikwa na neno moja. Mlango wa bluu ulikuwa wake. Alipoanza na kalamu yake mpya miaka mitatu iliyopita, mlango wa kwanza kuandikwa ulikuwa wa nyumbani kwake, moja kwa moja na tiki, ili majirani wasiseme anawaonea. Baada ya kuvunjiwa, alihamia chumba chenye mlango wa bati, akamwuzia Bawaba ule wa bluu.

Nyuma ya kiwanda, milango kumi na sita ilitangaza watoto thelathini na wanne, wote wamechanjwa. Mama Tiki na muuguzi walipoingia vyumbani na kuhesabu vichwa, walikuta watoto ishirini na tisa. Ishirini na tatu kati yao hawakuwahi kupata chanjo hata moja.

Si kwamba walisahauliwa. Timu za chanjo zilipita pale mara tatu.

“Tulikuwa tunawaona wanakuja na kisanduku chao cha barafu,” anasema mama wa chumba cha kumi na mbili, mwenye pacha. “Wanasoma mlango, wanaandika, wanaondoka. Mimi nikasema labda wangu wamepitiliza umri. Mtu wa serikali akisoma kitu akaridhika, wewe utambishia nini?”

Mume wake alikuwa na maelezo mengine. “Nilijua ni hesabu ya madirisha,” anasema.

“Tuna madirisha mangapi?” mkewe anamwuliza.

“Moja.”

“Na mlango umeandikwa ngapi?”

“Nne kwa nne. Ndiyo maana nilikuwa sielewi.”

Kicheko kinawatoka wote wawili, kisha mama anawavuta pacha wake karibu. Zahanati ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu, na ukiwa na watoto wawili wa mgongoni mwendo huo unaongezeka. Wengi wa akina mama hawa walihamia hapo kutoka mbali, kadi zimepotea njiani, na walishasikia kwamba ukifika bila kadi unafokewa. Timu iliyopita mlangoni ndiyo ilikuwa tegemeo lao. Ilipopita bila kuuliza, wakakaa kimya.

Chumba cha mvulana aliyeugua kiliandikwa tatu kwa tatu, na ndani kuna mtoto mmoja. Timu tatu zilisoma mlango ule. Hakuna aliyeuliza hao wawili wengine wako wapi.

Mama yake ni fundi cherehani. Cherehani iko mlangoni, na mvulana hukaa chini ya meza akichezea vipande vya vitambaa. Alilazwa siku tisa. Amepona, anakula, anakimbia, ila jicho la kushoto limeingia ukungu, na daktari amesema wasubiri waone. Mama Tiki huenda kumwona kila Jumamosi. Safari ya kwanza fundi alimwuliza swali moja tu: ulikuwa wapi?

“Nikautazama mlango,” anasema Mama Tiki. “Mwandiko wangu ulikuwa pale. Mimi sikuwepo.”

Fundi cherehani hasemi mengi kwa mwandishi. Anakanyaga cherehani mpaka pindo liishe, anakata uzi kwa meno. “Anakuja,” anasema. “Angeweza kutokuja. Mtoto ameshamzoea, akimwona anaficha mikono, anadhani ana sindano.” Anainua kitambaa kingine. “Mimi bado sijajua nimkasirikie nani. Nimkasirikie mlango?”



Watoto ishirini na wawili kati ya ishirini na tatu wameshaanza chanjo zao. Mmoja amehama na wazazi, na mlango wao wameubeba. Kabla hawajaondoka, Mama Tiki aliwahi kufuta alama. Mingine aliambiwa asiiguse mpaka wakubwa waje waone. Wakubwa walichukua miezi miwili na nusu kuja, wakapiga picha, wakatikisa vichwa. Ndiyo maana leo, mafuta ya taa mkononi, anafuta.

Ya machimboni aliifuata mapema. Mmoja uko kwenye kibanda cha mlinzi asiye na mtoto. Wa pili aliukuta chooni. “Mbili kwa mbili na tiki,” anasema. “Choo chao kimechanjwa vizuri sana.”

Ukabaki mmoja.

Kumtafuta muuza maji katika mji wenye mamia ya wauza maji kumemchukua wiki sita. Bawaba hakumbuki sura ya mteja, anakumbuka kwamba alibisha sana na kwamba mkokoteni wake ulikuwa na gurudumu moja jipya na moja kuukuu. Mama Tiki amesimama kwenye mabomba ya maji alfajiri, akitazama magurudumu. Amefuata mikokoteni mpaka akaulizwa kama anataka kuoa. Usiku analala akiwaza mtoto ambaye hajui jina lake, wala kama yupo.

“Watu wananiambia, mama, mlango mmoja tu, acha,” anasema. “Lakini ule ndio nilioanza nao. Na surua haijaondoka. Wiki iliyopita wamelazwa wengine wawili upande wa sokoni.”

Jana jioni kijana mmoja wa bombani alimpa habari. Kwa hiyo leo, Jumanne, baada ya kumaliza chumba cha kumi na sita, ananawa mikono kwa povu la kiwanda, anafunga kitambaa chake kwenye mfuko wa plastiki na kuanza kutembea. Mwandishi anamfuata kwa shida. Wanapita nyuma ya karakana za magari, wanavuka reli isiyotumika, wanapanda ngazi zilizochongwa kwenye udongo. Njiani anaulizwa: sasa alama ataandika wapi?

Anasimama kupumua. “Ukutani? Kuta nyingi huku ni bati, nazo zinang’olewa. Kwenye kidole cha mtoto? Wiki moja wino umeliwa na uji. Daftarini? Daftari linalala kwangu, mwenzangu akija hatalijua. Msimamizi anasema wanajadiliana.” Anainua mabega. “Mimi nimebaki na hodi. Nagonga, naingia, nahesabu vichwa, hata kama mlango una tiki kumi. Mlango hauzai watoto.”

Kisha anaanza tena kupanda, na baada ya ngazi chache anaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kwa hodi peke yake hatamaliza mtaa hata kwa mwezi, na hilo nalo hajui atalifanyaje.

Mlango wa bluu uko mwisho wa uchochoro, kando ya mkokoteni wenye gurudumu moja jipya na moja kuukuu. Rangi imebabuka chini. Usawa wa kitasa, wino ni mweusi kama siku ya kwanza: moja kwa moja, na tiki yenye mkia uliopinda.

Mama Tiki anasimama mbele yake. Mkono wake wa kulia unaingia kwenye mkoba, unatoka na funguo, na ufunguo mmoja tayari umeshikwa kwa vidole viwili. Anauangalia ule ufunguo. Anamwangalia mwandishi. Anaurudisha mkobani haraka kama mtu aliyekutwa jikoni kwa watu.

“Hodi,” anaita. Sauti inatoka ndogo. Anakohoa. “Hodi hapa!”

“Karibu!”

Mke wa muuza maji ni mwanamke mwembamba, mchangamfu, anachagua nafaka kwenye ungo. Shikamoo inatolewa na kuitikiwa, kigoda kinasogezwa. Mama Tiki anajieleza, kazi yake, alama, mlango. Mwanamke anasikiliza akitikisa kichwa, na ni dhahiri kwamba maelezo hayo yanamchanganya kama yalivyomchanganya kila mtu.

“Kwa hiyo hiyo moja si mwanangu?”

“Hiyo moja ni binti yangu. Wa kwako yuko wapi?”

Mtoto yuko nyuma ya mlango. Msichana, pua inachuruzika, mkono mmoja umeshika sketi ya mama yake. Mama Tiki anausukuma mlango taratibu ili amwone vizuri, na upande wa ndani wa mbao unageukia mwanga. Kuna mistari pale, imekatwa kwa kisu, mmoja juu ya mwingine kuanzia usawa wa goti.

“Vipimo hivyo tulivikuta,” anasema mwanamke. “Tukaona visipotee bure, tunampimia humo humo. Njoo, mama, simama mgeni akuone.” Mtoto anasimama, mgongo kwenye mbao, kidevu juu, kama aliyezoea. “Unaona? Amefika mstari wa tatu.”

Mama Tiki anaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto na kukiacha hapo, kimelala sawa na mstari.

“Mstari wa tatu,” anasema, “binti yangu alikuwa amemaliza sindano zote. Niliukata siku ile ile tuliyotoka kliniki, alikuwa bado analia.” Anamtazama mama mtu. “Huyu amechomwa ngapi?”

“Hajawahi,” anasema mwanamke. “Walikuja mara mbili. Walisoma mlango.”

Mama Tiki analia bila kujificha, na mtoto, kwa kuwa kiganja bado kiko kichwani mwake, anabaki amesimama wima akisubiri kuambiwa amekua kiasi gani.

Leo hakuna sindano. Muuguzi na kisanduku chake wako upande wa sokoni mpaka kesho. Mama Tiki anafungua daftari, anaandika jina la mtoto, la mama, la baba, rangi ya mkokoteni, na njia ya kufika, ukurasa mzima. Kisha anatoa kitambaa na kusugua upande wa nje mpaka ibaki rangi ya bluu tupu.

“Na hii mistari ya ndani nayo nifute?” mwanamke anauliza.

“Hiyo iache. Hiyo haidanganyi mtu.”

Wakati wa kuaga, anachomoa ule ufunguo kwenye funguo zake na kumpa mwenye nyumba. Anamwelekeza kwamba mvua ikinyesha mbao inavimba, auinue mlango kidogo ndipo asukume, asiupige teke. Mwanamke anaujaribu ufunguo pale pale. Kitasa kinazunguka.

“Keshokutwa Alhamisi, saa tatu, nakuja na muuguzi,” Mama Tiki anasema akiwa tayari uchochoroni. “Msihame kabla sijafika.”